Toroli Kwanza, Mfuko Baadaye

Mparachichi ulio karibu na kijia cha kwenda mtoni ndio mkubwa kuliko yote shambani kwetu, na chini yake siku hizi huoni udongo. Unaona majani makavu, mabua ya mahindi ya mwaka jana, na maranda yaliyooza mpaka yakawa meusi. Ukipiga magoti ukafukua kwa vidole, kabla hujafika ardhini unakutana na vijizizi vyeupe, vifupi, vimepanda kutoka udongoni na kuingia ndani ya majani yanayooza. Havikusubiri majani yageuke udongo. Vimeyafuata huko huko juu.

Miaka michache iliyopita pale palikuwa peupe kama uwanja wa nyumba. Tulikuwa tunalima kwa jembe mpaka shinani, tunafagia kila jani, tunachoma. Huku kwetu Njombe shamba safi ni heshima ya mwenye shamba, na wapita njia hulisifia. Tukishafagia, tunauzungushia kila mti mbolea ya dukani, tunaomba mvua, tunaondoka. Ekari mbili, mifuko sita kwa mwaka. Kisha ukaja mwaka 2022, vita vya Ukraine vikaanza na bei ya mbolea, ambayo tayari ilikuwa inapanda, ikawa haishikiki. Nilisimama mbele ya duka la pembejeo na hela ya mifuko miwili mkononi. Nikajiuliza ile minne mingine ilikuwa inakwenda wapi miaka yote, maana miti yenyewe haikuwa na afya. Ncha za majani zilikuwa zimeungua, matunda yalikuwa yanadondoka yakiwa na ukubwa wa yai.

Nimekuwa nikilitafuta jibu la swali hilo tangu siku ile, na limenifikisha kwenye msimamo ninaotaka kuutetea hapa. Kwa mkulima wa matunda wa Nyanda za Juu Kusini, samadi, mboji na matandazo ndiyo mbolea yenyewe. Mfuko wa kiwandani ni nyongeza ya kuziba pengo ambalo kipimo cha udongo kimelionyesha. Sisi tumeuweka mfuko mbele kwa miaka mingi, na sera zetu bado zinauweka mbele. Sisemi tuutupe. Waliojaribu kuutupa kwa siku moja yaliwapata, nami nitafika huko.

Nianze na mti, kwa sababu parachichi si mahindi. Asili yake ni misitu ya milimani ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako majani huanguka na kujilundika chini kama godoro. Mizizi inayoulisha mti huo imezoea kuishi ndani ya godoro hilo. Ndiyo maana iko juujuu, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za kwanza, na karibu haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine hutumia kufyonza maji. Ukiufagilia majani mti wa namna hiyo, ukapitisha jembe hadi shinani, umeukata midomo. Halafu unaumwagia chumvi penye kidonda. Wazee wetu waliiita mbolea ya dukani mbolea ya chumvichumvi, nao walikuwa sahihi, maana kikemia nyingi kati ya hizo ni chumvi. Na parachichi ni miongoni mwa miti ya matunda inayoumizwa upesi zaidi na chumvi, hasa yenye kloridi, kama ilivyo ile potashi inayouzwa kwa jina la MOP.

Karibu matunda yote tunayouza nje kutoka huku ni ya aina ya Hass. Kila mche wa Hass hapa Njombe, Rungwe, Kenya au popote duniani ni kikonyo kilichounganishwa, ambacho ukoo wake unarudi kwenye mti mmoja uliooteshwa La Habra Heights, California, na mpeleka barua wa posta aliyeitwa Rudolph Hass. Alipewa hataza ya aina hiyo mwaka 1935. Mti ule mama uliishi miongo mingi, ukafa mwaka 2002. Kilichouua ni kuoza mizizi, ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, adui mkubwa wa parachichi duniani kote. Kila ninapopanda mche mpya nakumbuka kwamba napanda kipande cha mti uliokufa kwa maradhi ya udongo.

Sasa sikiliza habari ya upande wa pili wa dunia. Kwenye mlima Tamborine, jimbo la Queensland nchini Australia, mkulima aliyeitwa Guy Ashburner alikuwa na shamba la parachichi lililostawi wakati kimelea kilekile kinayamaliza mashamba mengine. Wanasayansi Broadbent na Baker wakauchunguza udongo wake, na mwaka 1974 wakaeleza walichokikuta: kimelea kilikuwemo mle mle shambani, ila kimezidiwa nguvu. Kwa miaka mingi Ashburner alikuwa akiotesha mazao ya kufunika ardhi na kuyarudisha udongoni, akiweka kinyesi cha kuku na chokaa ya dolomaiti, akijitahidi ardhi ya shamba ifanane na ardhi ya msitu. Udongo wenye mboji nyingi, chokaa ya kutosha na jamii kubwa ya vijidudu ulikuwa unamlindia mizizi. Kinga ya namna hiyo haiuzwi kwenye mfuko wowote wa kilo 50.

Nirudi kwenye ile mifuko minne. Tulipopeleka udongo maabara, kipimo kilisoma pH 4.8. Udongo wetu mwekundu una tindikali kwa asili, kwa sababu mvua nyingi za karne na karne zimeosha chokaa yake. Juu ya hapo, mbolea nyingi za amonia, urea na DAP zikiwemo, huacha tindikali zaidi pale vijidudu vinapoigeuza amonia kuwa naitreti. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa kwenye udongo huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Fosforasi nayo, uliyoinunua kwa bei kubwa, inashikwa na chuma na alumini mpaka mti hauwezi kuichukua. Urea uliyoiacha juu ya udongo kwenye jua inapaa kama hewa. Ile harufu kali inayokuchoma pua ni hela yako inaondoka. Naitreti inayobaki inasombwa na mvua za Januari na Februari kwenda mtoni. Basi mifuko yetu ilikuwa inakwenda hewani, mtoni, na kwenye kufuli la udongo wenyewe.

Mboji inafanya kazi karibu kila mahali kwenye mnyororo huo. Inaishika alumini isiuguse mzizi. Inaifungulia fosforasi njia. Inahifadhi maji ya mvua hadi kiangazi cha Agosti na Septemba, wakati miti inaanza kuchanua na udongo ulio wazi umekuwa kama tofali. Inalisha vijidudu, navyo vinaulisha mti kidogo kidogo, kwa mwendo ambao mizizi inaumudu. Kwa hiyo hata ile mbolea kidogo ya kiwandani unayoendelea kuweka inapata mahali pa kushika, na kila kilo inafanya kazi kubwa kuliko awali. Mifuko inapungua kwa njia hiyo. Ukipunguza mfuko bila kujenga udongo kwanza, umepunguza mavuno tu.

Lakini kuna hesabu ambayo wahubiri wengi wa kilimo hai wanaipita haraka, nami nataka tuikalie. Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 kwenye kilo 50. Mtu mmoja anaubeba begani. Samadi ya ng'ombe iliyokauka vizuri ina naitrojeni kama asilimia moja hadi mbili, na sehemu kubwa yake haitoki mwaka wa kwanza. Kuzipata zile kilo 23 unahitaji karibu tani mbili za samadi. Kwa toroli linalobeba kilo 60, hizo ni safari zaidi ya 30, kwenye vilima vyetu hivi, mara nyingi kwenye utelezi.

Na nani anasukuma toroli? Jirani yangu mmoja, mjane aliyevuka miaka 60, ana miparachichi 40 mteremkoni. Niliwahi kwenda kwake na maneno mengi ya mboji niliyoyasoma. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akanikaribisha kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, samadi unanifundisha mimi? Tulikuwa tunaifukia kwenye vinyungu wewe hujazaliwa. Kinachonishinda ni mgongo."

Nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu. Kwa miaka mingi semina za samadi zimekuwa zikimweleza mkulima mambo anayoyajua. Anachokosa ni ng'ombe, au kijana wa kusukuma toroli, au hela ya tela. Enzi za vinyungu, yale mashamba yetu ya mabondeni, nyumba nyingi zilikuwa na ng'ombe na watoto wengi wa kubeba. Leo watoto wako Dar es Salaam na zizi limekuwa jiko. Anayetaka mama huyu apunguze mfuko na aseme ni nani atambebea tani mbili.

Lile la kutupa mfuko kwa siku moja lilitokea Sri Lanka. Aprili 2021 serikali yao ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali, nchi nzima igeukie kilimo hai. Samadi na mboji ya kutosha haikuwepo, udongo haukuwa umeandaliwa, wakulima hawakushirikishwa. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikayumba, na Novemba mwaka huo huo marufuku ikaondolewa. Wanaoutetea mfuko hupenda kutoa mfano huu kuonyesha kwamba mboji haiwezi. Mimi nausoma hivi: miti na udongo uliozoea chumvi kwa miaka mingi hauwezi kuachishwa kwa tangazo. Unaachishwa kama mtoto anavyoachishwa ziwa, huku akionjeshwa uji.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisiukatae mfuko. Kila kreti ya Hass inayoondoka hapa kwenda bandarini imebeba potasiamu ya shamba letu, nyingi kuliko hata naitrojeni. Parachichi likiliwa huko Ulaya, ganda na kokwa vinatupwa huko huko, havirudi Njombe. Samadi ya ng'ombe wako aliyekula majani ya shamba lako inazungusha kilichopo. Kilichokwenda na meli haiwezi kukirudisha. Pengo hilo sharti lizibwe na kitu kinachotoka nje ya shamba. Kwenye ekari zetu mbili tunaliziba kwa mfuko wa salfeti ya potasiamu, isiyo na kloridi, na mwingine mmoja wa CAN, mbolea ya naitrojeni, tunaougawa mara tatu wakati wa mvua. Boroni na zinki bado tunanunua, kwa sababu mti ukikosa boroni matunda yanapinda, nami nimeyaona yamepinda. Tulikuwa na mifuko sita ya mazoea, sasa tuna miwili tunayoijua kazi yake. Chokaa tuliiweka mapema, kabla hatujagusa hiyo mifuko. Imetuchukua misimu minne kufika hapa, na msimu wa pili mavuno yalipungua kidogo kabla hayajapanda. Afadhali mtu alijue hilo kabla hajaanza.

Tulikosea pia, mara mbili. Mara ya kwanza niliweka kinyesi cha kuku kibichi, kimetoka bandani wiki hiyo hiyo, nikakizungushia miche ya mwaka mmoja. Ndani ya siku kumi majani yalikauka kama yaliyopitiwa na moto, na miche minne ikafa. Kinyesi kibichi cha kuku kina chumvi na amonia nyingi. Kuitwa cha asili hakukifanyi kiwe kipole. Mara ya pili ni maranda. Huku kwetu kwenye misonobari na mashine za mbao maranda yapo milima kwa milima, mengine yanachomwa tu. Tukayafukia kwenye mashimo tukidhani tunarutubisha. Miti ikageuka njano. Maranda yana kaboni nyingi mno na naitrojeni kiduchu, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huikwapua naitrojeni ya udongo kabla mzizi haujaifikia. Yakitandazwa juu bila kuchimbiwa, hayana madhara hayo, na baada ya miaka miwili yanakuwa yale meusi niliyoyataja mwanzo.

Lundo letu sasa tunalijenga Mei, mvua zinapokata. Tabaka la mabua, tabaka la samadi, tabaka la majani mabichi, kiganja cha majivu, maji, kisha tunaanza tena mpaka lifike kifuani. Kwa majani mabichi tunapenda alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara bila kupandwa na mtu. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walikuta majani yake makavu yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na potasiamu kama asilimia 4. Hiyo ni zaidi ya samadi nyingi, na iko pale bure, inasubiri panga.

Katikati ya lundo tunachomeka kijiti kirefu kilichochongwa ncha, kama maafisa ugani wanavyofundisha. Njombe mwezi wa Juni ni baridi ya kutetemesha; alfajiri nyingine nyasi zimeota barafu. Nakwenda na koti zito, nachomoa kijiti, nakishika kwa kiganja. Siku ya tano au ya sita huwezi kukishika. Kinatoa mvuke, kina harufu ya msitu baada ya mvua, na ukikisogeza shavuni unasikia joto kama la chai. Joto hilo, nyuzi 55 hadi 65, ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Kijiti kikitoka baridi, lundo limekauka au limekosa hewa, unalipindua. Kikitoka na harufu ya kuoza, maji yamezidi. Jirani yangu mjane anapenda kuja kukishika. Anasema kinampasha vidole.

Sasa sera. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaweka lengo la kufikia kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Nchi nyingi, Tanzania yetu ikiwemo, hazikufika. Agosti 8, 2022, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea, na sitasahau nafuu niliyoiona kwenye nyuso za wakulima wa mahindi. Mei 2024 viongozi walikutana tena, safari hii Nairobi, na maneno afya ya udongo yakaingia kwenye jina la mkutano. Nililifurahia neno hilo. Lakini shambani fedha bado zinafuata mfuko. Mkulima amesajiliwa, ana namba, anakwenda kwa wakala, anapunguziwa bei. Kwa samadi ya mfugaji wa kijiji cha pili hakuna namba wala punguzo. Tukiishusha bei ya mfuko na kuiacha gharama ya toroli ilivyo, tumemwambia mkulima achague mfuko, hata kama semina ya asubuhi ilimwambia vingine.

Vitu vya kujengea tunavyo. Kule Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, tuna mawe ya fosfeti yaliyotokana na kinyesi na mifupa ya ndege walioishi kwenye ziwa la kale, mnandi wengi kati yao. Mawe hayo huyeyuka polepole na hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, udongo kama wetu. Nala, Dodoma, kampuni ya Itracom yenye asili ya Burundi imejenga kiwanda cha mbolea inayochanganya samadi na madini. Hatua hizo naziunga mkono kwa moyo wote, ingawa nazo zinaishia kwenye mfuko na barabara ndefu.

Ninachokiomba kiko karibu zaidi na kijiji. Chokaa ipewe ruzuku nzito na ifike kabla ya mvua, maana kwenye pH 4.8 sehemu kubwa ya kila shilingi ya mbolea inayotangulia chokaa inapotea. Kipimo cha udongo kiwe kitu cha kata, mtu aende nacho kama anavyokwenda zahanati. Ruzuku ilipie pia tela la samadi kati ya wafugaji na wakulima, na ilipie siku za kazi za vijana wa kupindua malundo kwa wazee kama jirani yangu. Na takataka za sokoni: halmashauri zetu tayari zinalipa malori kubeba maganda ya ndizi, majani ya kabichi na nyanya zilizooza hadi dampo. Lori limeshalipiwa, dereva yupo, mafuta yamo. Tofauti ni kutenga plastiki pale pale sokoni na kukata kona kuelekea mashambani. Sijamsikia mtu akinieleza kwa nini haiwezekani. Nimesikia tu kwamba haijapangiwa bajeti.

Mwaka huu mimi, mama yule na wakulima wengine watano tumechanga hela ya tela moja la samadi kutoka kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa pili wa mji. Fungu la mama huyo litamwagwa juu ya mteremko, ili toroli lishuke likiwa limejaa na kupanda likiwa tupu. Vijana wawili wamekubali kusukuma. Dereva amesema atapita Jumamosi, kama barabara itakuwa imekauka.